Nimechomoa betri mara 3, taa ya injini inarudi tu

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Hilux D-4D injini ya 2KD, nabeba nyanya Ilula nashusha Dar, kurudi napakia mzigo wa dukani. Shida ni mlima wa Kitonga, nikianza kupanda gari inakosa nguvu, taa ya chek injini inawaka, hata ukanyage mafuta mpaka chini haiendi. Nikizima nikawasha inapata nguvu kidogo halafu yale yale. Fundi wa mtaani anachomoa betri nusu saa hivi, anasema anaseti kompyuta upya, taa inazima, nampa elfu 20, safari inayofuata imewaka. Sasa anasema kontrol boksi (hiyo kompyuta ya injini) imekufa. Ninunue nyingine?
Dereva, Iringa

JIBU: Usinunue kwanza mkuu. Boksi iliyokufa haichagui mlima na mzigo, hiyo yako naona inafanya kazi, imeona kitu hakiko sawa ikabana nguvu kuilinda injini. Huyo fundi kila akichomoa betri anafuta ushahidi, kodi (namba ya kosa ambayo kompyuta imeihifadhi) inapotea pamoja na rekodi ya hali ilivyokuwa, spidi, joto, mzunguko wa injini, ni kama kufuta meseji ya anayekudai ukasema deni limeisha.

Taa ikiwaka tena iache hivyo hivyo, nenda kwa mwenye mashine ya kusoma kodi, plagi ya kuichomeka ipo chini ya dashibodi upande wa usukani, asome kodi kabla hamjagusa chochote. Ikija P0087 ni presha ya dizeli kwenye reli (bomba linalogawa dizeli kwa nozeli) iko chini, na mimi hapo naanza na filta sio pampu, maana tambarare hata filta iliyoziba unaendesha tu ila mlimani injini inataka dizeli nyingi ndo inaumbuka. Legeza koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa nyeupe uiache itulie, maji yatakaa chini dizeli juu. Ukiyakuta badili filta (na dizeli ya vidumu vya barabarani achana nayo!), piga pampu ya mkono pale juu mpaka iwe ngumu ndo upige stata. Filta mpya na bado? Hapo ndo tunaongelea SCV, ile valvu inayopima dizeli inayoingia kwenye pampu. Ila kama inatoa moshi mweusi na unasikia mluzi, cheki kwanza hosi za turbo.

Kufuta kodi iwe mwisho, kwa mashine, na betri isichomolewe injini ikiwa inaunguruma, hapo ndo utaiua kontrol boksi kweli. Wala mtu asilegeze mabomba ya nozeli gari ikiwa imewaka, presha inapita bar 1000, inatoboa ngozi. Ukipata kodi nitumie.