Kwa nini kiongozi akikumbwa na skendo anakimbilia kukanusha? Niliyoyaona mwenyewe

Mkuu umeuliza kwa nini viongozi wanakanusha hata pale ushahidi upo nje nje, na washauri wao wanakuwa wapi. Nimefanya kazi miaka kadhaa kitengo cha habari cha mwanasiasa mmoja, jina naliacha, ngoja nikujibu.

Mara nyingi mshauri mwenyewe hajaambiwa ukweli. Sisi stori ilitoka usiku kwamba bosi kasaini malipo ya kampuni ya ndugu yake, waandishi wanapiga simu mfululizo, nikaandika rasimu fupi tu, tumesikia, tunafuatilia, tutatoa taarifa. Mheshimiwa akaisoma kasimama, akachukua peni akaongeza kwa mkono wake "sijawahi kamwe kusaini". Nikamwambia mzee hilo neno kamwe litoe, ikitokea karatasi hata moja tumekwisha. Akaniangalia, akasema kijana, andika nilichokwambia. Nikaandika, na mpaka leo inaniuma. Siku ya tatu karatasi ikatoka, saini ni yake kabisa, basi yale malipo hakuna aliyeyaongelea tena, kila mtu anaongelea kamwe.

Ndo yaliyomkuta Profumo, waziri wa vita Uingereza, Machi 1963 alikana bungeni uhusiano wake wa kimapenzi na mwanamitindo Christine Keeler, Juni akajiuzulu kwa kulidanganya bunge. Au Nixon, rais wa Marekani, watu walikamatwa ndani ya ofisi za chama pinzani pale jengo la Watergate, Washington, Juni 1972 na Novemba bado akashinda uchaguzi kwa kishindo, kilichommaliza ni kuficha. Mshauri wake wa sheria John Dean (naye simsafishi, alishiriki kuficha na baadae akakiri mahakamani) alimwambia Machi 21, 1973 kwamba kuna saratani karibu na urais na inakua, wale jamaa waliokamatwa wanataka hela ya kunyamaza. Nixon akauliza mnahitaji kiasi gani! Dean akakadiria dola milioni 1 kwa miaka 2, akajibiwa hiyo inapatikana. Yote yamo kwenye kanda ambazo Nixon mwenyewe alikuwa anarekodi mazungumzo ofisini kwake, Agosti 1974 akaachia ngazi.

Kwa hiyo mimi siku hizi siandiki hata mstari kabla hatujafunga mlango nikamuuliza mtu, karatasi ziko wapi, nani alikuwepo, nani mwingine anajua. Akigoma kunijibu, peni namwachia aandike mwenyewe.