Je, Kemia ya Kijani Inakataza Soda Kostiki?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na akina mama wenzangu wa Kadutu tunatengeneza sabuni ya mawese kwa soda kostiki na kuiuza sokoni. Mteja mmoja ametuambia kwamba kemia ya kijani inakataza soda, na kwamba hatuna budi kuiacha tukitaka kuhesabiwa miongoni mwa wanaojali mazingira. Je, ni kweli?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Si kweli, mama. Kanuni 12 za kemia ya kijani, yaani kemia inayokusudia kuzuia taka na sumu tangu mwanzo, zilizotolewa mwaka 1998 na Wamarekani Paul Anastas na John Warner, hazipigi marufuku soda. Zinamtaka mtengenezaji aamue, kabla hajawasha moto, kila gramu anayoitumia itaishia wapi. Kwa kipimo hicho sabuni yenu ina sifa kuliko anavyodhani mteja wenu, kwa sababu soda ikikutana na mafuta kwa kiasi kinachostahili, vyote viwili hugeuka kuwa sabuni na gliserini, na ninyi msioitoa gliserini hiyo hamna taka ya kumwaga. Hatari iko kwenye soda iliyozidi, ambayo hubaki ndani ya kipande na kuchubua mikono ya mfuaji. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za soda safi. Basi nunueni mizani kabla ya marashi, maana kupima kwa kikombe ni kubahatisha.

Jambo ambalo mteja hakuligusa, nami naliona zito zaidi, ni makaa ya kupikia. Wengi huchemsha mawese kwa muda mrefu mpaka wekundu wake uishe, ili sabuni iwe nyeupe. Wekundu huo unatokana na karotini, ileile iliyomo ndani ya karoti, wala hauizuii sabuni kutakasa. Kuuondoa ni kuchoma miti kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Mafuta yakiyeyuka na kuwa vuguvugu yanatosha, kwa kuwa mmenyuko wenyewe wa soda na mafuta hutoa joto.

Kuhusu maji ya kufulia yanayoteremka hadi Ziwa Kivu, sabuni ya mawese huozeshwa na bakteria kwa urahisi. Sabuni nyingi za unga za miaka ya 1950 hazikuwa hivyo: molekuli zake zilikuwa na matawi ambayo bakteria walishindwa kuyavunja, mito ya Ulaya na Marekani ikafunikwa na povu, hata viwanda vikalazimika kubadili umbo la molekuli hizo katika miaka ya 1960.

Soda imiminwe polepole ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda; na msitumie sufuria ya aluminiamu, kwani soda huila na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto upesi.