Gunia la raba ni habari za juzi: kwa mnaoanza kuuza viatu vya kukimbilia Tabora

Kila anayeingia kwenye biashara ya raba za mtumba huanza kwa kukariri nembo: tiki, mistari mitatu, paka anayeruka, herufi N. Si vibaya, maana mteja naye huangalia nembo kwanza. Ila ukiishia hapo utajikuta na meza iliyojaa majina makubwa yasiyoguswa na mtu, huku jirani yako anauza kiatu chenye jina la kung'ata ulimi na kinaondoka kabla ya saa nne asubuhi.

Nawaandikia ninyi mnaojiandaa kwenda soko la Karume, Dar es Salaam, au Mwanza kuchukua mzigo wa kwanza na kuuleta huku kwetu. Kuchagua gunia, kusugua soli kwa mswaki, kuwakwepa vishoka, hayo yote mtafundishwa na yeyote sokoni. Mimi nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi hawalijali: kufuatilia habari za wakimbiaji na za kampuni zinazowavisha.

Sababu yenyewe ni hii. Kiatu kilichomo kwenye gunia unalofungua leo kilinunuliwa dukani Ujerumani, Uingereza au Marekani miaka kadhaa iliyopita, na aliyekinunua mara nyingi alikuwa amemwona mtu fulani akishinda nacho kwenye televisheni. Ukijua nani alikuwa anashinda na kiatu gani wakati ule, utajua nini kitaonekana kwenye mzigo wako sasa. Ukijua nani anashinda leo, utajua cha kutafuta kesho, kabla wenzako hawajaijua bei yake.

Tuchukue Asics. Kihachiro Onitsuka alianzisha kampuni yake Kobe, Japani, mwaka 1949, na viatu vyake vikajulikana kama Onitsuka Tiger. Mwaka 1964 Mmarekani Phil Knight na kocha wake wa zamani, Bill Bowerman, walitoa dola 500 kila mmoja, wakaanza kuagiza Tiger hizo. Knight alizipakia kwenye gari lake na kuzunguka nazo kwenye mashindano ya riadha. Mchuuzi kama sisi tu. Baadaye wakakosana na Wajapani, wakatoka na jina lao wenyewe, Nike. Onitsuka naye akaungana na kampuni nyingine mwaka 1977 ikawa Asics.

Sasa ruka mpaka 2017. Nike inatoa Vaporfly, kiatu chenye povu nene jepesi na bamba la kaboni ndani ya soli. Mei mwaka huo Eliud Kipchoge anakimbia Monza, Italia, kwa saa 2:00:25, na Oktoba 2019 anakimbia Vienna kwa 1:59:40. Hakuna kati ya hizo iliyoandikwa kuwa rekodi rasmi, lakini dunia nzima iliona vile viatu. Japani kuna mbio za kupokezana za vyuo vikuu zinazoitwa Hakone Ekiden, hufanyika kila Januari, na Wajapani huzifuata kama sisi tunavyofuata Simba na Yanga. Mwaka 2021 walikimbia vijana 210, na hakuna hata mmoja aliyevaa Asics. Nyumbani kwao! Karibu wote walikuwa na Nike. Machi mwaka huohuo Asics wakatoa Metaspeed, kiatu cha kaboni kilichoundwa na kikosi maalumu cha kampuni. Kwenye Hakone ya 2025 Adidas ndiyo ilikuwa na wavaaji wengi zaidi, Asics wakafuata, na Nike ikawa nyuma yao.

Hiyo miaka minne ndiyo somo lenyewe la biashara. Jina ni lile lile Asics, lakini Kayano na GT-2000 ni viatu vya mazoezi, vizito kiasi, soli yake inavumilia. Hivyo mwonyeshe askari, mwalimu wa michezo na watu wa jogging ya Jumamosi. Metaspeed ni mnyama mwingine. Ukivitupa kwenye fungu moja kwa bei moja, atakuja kijana anayejua, atachambua taratibu, atakulipa na kuondoka akitabasamu, na wewe utadhani umefanya biashara.

Viatu vya kaboni vinahitaji mkono makini. Kikamate mbele na nyuma ujaribu kukikunja: kikikataa, kina bamba. Kikikunjika kirahisi huku kikitoa mlio, bamba limeshavunjika, kiweke pembeni. Bonyeza povu la pembeni kwa kidole gumba. Likibaki limebonyea au likiwa na mikunjo mingi, limechoka. Povu la viatu hivi huchoka mapema kuliko la raba za mazoezi. Septemba 2023 Mwethiopia Tigst Assefa alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kule Berlin, saa 2:11:53, akiwa na Adidas Adios Pro Evo 1, kiatu cha gramu 138 kilichouzwa dola 500, na kampuni yenyewe ilisema kimetengenezwa kwa ajili ya marathoni moja. Ukikikuta kwenye gunia, ujue mwenyewe ameshakula utamu wote. Na hata kikiwa kizima, kwa mtu anayekimbia kwenye mchanga wa njia ya Kwihara soli nene laini inayumba. Mwambie ukweli. Atakwenda na kiatu kingine cha bei nafuu, na wiki ijayo atakuletea wenzake.

Kuna na suala la sheria, ambalo muuzaji wa mtumba hulisahau. Tangu Januari 2020 World Athletics, shirikisho la riadha duniani, imeweka kikomo cha unene wa soli ya mbio za barabarani kuwa milimita 40, bamba lisizidi moja. Septemba 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza Vienna City Marathon, kisha akafutwa kwa sababu soli yake ilikuwa na unene wa milimita 50. Ulikuwa mfano wa Adidas wa mazoezi, unaouzwa kihalali kabisa dukani. Ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat. Kwa hiyo kijana akikwambia anataka kiatu cha kushindania, kaa na rula.

Turudi kwa Nike, maana wengi wenu mtawekeza pesa zenu kwenye tiki. Katika miaka ile ya Kipchoge wakubwa wa kampuni waliamua kupunguza maduka ya watu wengine na kuuza wenyewe, kwenye maduka yao na kwenye simu. Maduka yaliyoachwa hayakuacha shelfu wazi; yaliweka Hoka, iliyoanzia Ufaransa 2009, na On ya Uswisi, iliyoanzishwa 2010. Juni 28, 2024 hisa za Nike zilishuka kwa takriban asilimia 20 kwa siku moja, na Oktoba wakamrudisha Elliott Hill, mzee wa ndani aliyeanzia kama mwanafunzi wa mafunzo kazini mwaka 1988, awe mkuu wa kampuni. Mimi naona kosa lao lilikuwa kumdharau muuza duka, lakini labda nasema hivyo kwa sababu nami ni muuza duka.

On nao walijua la kufanya. Mwaka 2022 walimchukua Hellen Obiri wa Kenya kutoka Nike, wakati anahamia marathoni. Akashinda Boston 2023 na 2024, New York 2023 na tena 2025. Boston ya 2024 alivaa kiatu kisicho na kamba, sehemu ya juu ikiwa imepuliziwa na roboti. Viatu vya On vina mashimo kwenye soli, na mteja wa hapa akiviona kwa mara ya kwanza huuliza kama vimeliwa na panya. Msicheke, mweleze. Halafu kagua mashimo yenyewe: kokoto hujibana humo, na aliyekivaa Ulaya kwenye lami hakulijua tatizo hilo.

Brooks, kampuni ya viatu ya Marekani, nitaigusa tu. Mwaka 2001 ilikuwa hoi, akaja Jim Weber akafuta viatu vya bei rahisi na kubaki na vya kukimbilia peke yake, na kampuni ikasimama. Tabora jina halijulikani, kwa hiyo kwenye gunia hununuliwa kwa bei ya chini. Nadhani mmenielewa.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alituletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo, saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Wateja wa namna hii watakuja: "Nipe kama cha Simbu." Usiokote raba yoyote ukaibatiza jina lake. Kama hujui alivaa nini, sema hujui. Anayeuliza hivyo ana picha kwenye simu.

Na vijana wenye mbio watakuuliza jambo jingine, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee wanayemjua mwenye uhusiano wowote na majina haya: kaka, mimi nitapataje kampuni ya kunivisha? Wengi wanadhani mkataba wa viatu ni mshahara. Waambie kisa cha Boris Berian, Mmarekani wa mita 800, aliyewahi kufanya kazi McDonald's. Mwaka 2016, baada ya mkataba wake na Nike kuisha, New Balance walimpa ofa ya dola 125,000 kwa mwaka. Nike wakamfikisha mahakamani, kwa sababu mkataba wa zamani uliwapa haki ya kumbakisha wakifikia ofa hiyo hiyo. Ubishi ukawa juu ya makato: New Balance walisema yao haina kukatwa pesa mwanariadha asipofikia kiwango. Nike waliiacha kesi, lakini hicho kifungu cha kumbakisha kilikuwepo tangu siku aliyosaini. Mkimbiaji wa Marekani Allyson Felix alisema hadharani mwaka 2019 kwamba Nike ilitaka kumlipa asilimia 70 pungufu, na ikakataa kumhakikishia kwamba hataadhibiwa kiwango kikishuka baada ya kujifungua. Nike walibadili utaratibu wao wa wajawazito mwaka huohuo, na yeye akaanzisha kiatu chake, Saysh, akashinda nacho medali Olimpiki ya Tokyo.

Kijana wa namna hiyo akija na karatasi mkononi, funga hesabu zako kidogo ukae naye. Asome anakatwa kiasi gani akiumia au akikosa mashindano, mkataba ukiisha anafungwa kwa muda gani asihamie kwingine, na kama ni binti, ujauzito umeandikwaje. Aulize kama huyo wakala anatambuliwa na World Athletics, kisha karatasi ipitiwe na mwalimu wake na mwanasheria kabla ya kalamu. Wakala akisema hakuna muda, ofa inaisha leo jioni, mwambie kijana arudi nayo kesho asubuhi.