Uliza Upepo Kwanza, Mizinga Baadaye

Kijana wa Kakamega ameniandikia kuhusu Naval Action, mchezo wa kompyuta wa vita vya meli za matanga: "Kaka, kila nikiingia vitani nazamishwa hata sijapakia mizinga mara ya pili. Ninunue meli kubwa?"

Usinunue. Wiki hii nimeiteka frigeti, meli kubwa ya vita, nikiwa na brigi yangu ndogo ya milingoti miwili, na sisemi kwa kujigamba. (Haya, najigamba kidogo.)

Wengi tunaingia Naval Action na tabia za michezo ya bunduki: lenga, piga, rudia. Mimi upepo niliujua kabla ya kompyuta. Mjomba wangu ni mvuvi pale Dunga, Kisumu. Usiku upepo wa nchi kavu humpeleka ziwani, mchana upepo wa ziwa humrudisha, na akitaka kwenda unakotoka upepo hana budi kupiga bishi, yaani kwenda mshazari huku na huku. Kwenye Karibi ya mchezoni sheria ni hiyohiyo. Matanga ya mraba, kama ya meli kubwa, hayapandi upepo vizuri. Ya skuna, meli ambayo matanga yake hufuata urefu wake, hupanda. Kwa hiyo ukiwa na skuna na limeli linakufukuza, kimbilia upepo unakotoka. Litabaki linapepesuka tu.

Sasa hiyo frigeti. Nilishika upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, nikakataa kuuachia. Adui yangu alikuwa anamwaga risasi ubavuni mwangu, mimi nikampiga matanga kwa risasi za mnyororo mpaka mwendo ukamwishia. Alipojaribu kugeuka nikazungusha foromali za mbele (boriti zinazobeba matanga) kwa mkono, zikashika upepo kinyume, omo yangu, yaani mbele ya meli, ikageuka upesi, nikapita nyuma kwenye tezi yake. Tezi ni madirisha na mbao nyembamba. Tufe likiingia hapo linafagia sitaha hadi omo. Ndivyo meli ya amiri wa Kiingereza Nelson, Victory, ilivyoifanyia meli ya Wafaransa, Bucentaure, kwenye vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Kisha nikapakia risasi ndogondogo, mabaharia wake wakapukutika, nikairukia.

Kundi langu la kwanza liliniondoa eti mtandao wa Kisumu utawaangusha. Bado inaniuma, sifichi. Mizinga ya mchezo huu hupakiwa polepole mno. Nusu sekunde ya mtandao ina hasara gani kwa mtu aliyejipanga mapema? Walitaka watu wenye mashine za bei, si watu wenye akili ya upepo. Vijana wa huku msikubali kuambiwa hamwezi! Jifunzeni upepo. Jifunzeni tena. Anayeshika joshi ndiye anayeamua vita vianze lini, na mkaidi wa kurusha risasi ovyo atazama hata akipewa Santísima Trinidad, lile limeli kubwa la Wahispania.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kakamega, baki na brigi. Ingia bahari wazi bila adui, ufanye zoezi la foromali mpaka meli igeuke bila kukwama puani mwa upepo. Na usianze vita mawingu yakitanda: umeme ukipotea, meli yako inabaki humo vitani bila nahodha, na huyo adui hatakusubiri.