Kinachokulazimisha kuvuta pumzi si kupungukiwa oksijeni

Mleta mada kauliza: usingizini nani anatukumbusha kupumua, na kwa nini mtu akibana pumzi kwa makusudi hafiki mbali? Hilo la pili nililikuta ziwani kabla sijalisoma darasani, naanza nalo.

Nimekulia Kibirizi, Kigoma mjini. Sisi watoto wa mwaloni mchezo wetu ulikuwa kuzama huku wenzako wanahesabu. Kaka mmoja akatufundisha mbinu: kabla hujazama, hema harakaharaka mara 20 au 30, "ujaze hewa". Na kweli, ukifanya hivyo unakaa chini muda mrefu bila kubanwa.

Siku moja binamu yangu akahema vile, akazama. Tukahesabu hadi 90 huku tunashangilia. Hakuibuka. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu kwenye mtumbwi ndio waliomtoa, kazimia, midomo imegeuka rangi. Alipona, namshukuru Mungu. Ila alichotusimulia kilinikaa miaka mingi: hakusikia kubanwa hata kidogo. Alikuwa sawa tu, mara giza.

Niliposomea uuguzi ndipo nikaelewa. Kinachokusukuma uvute pumzi, kwa sehemu kubwa, ni kabonidioksaidi kuongezeka mwilini. Ikiongezeka, damu na maji yanayouzunguka ubongo huwa na asidi zaidi. Medula, sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo, ina vihisio vinavyoitambua asidi hiyo, nayo huamuru kiwambo (ule msuli mpana chini ya mapafu) na misuli ya mbavu iongeze kasi. Vihisio vya oksijeni vipo pia, kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na ule unaotoka moyoni. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya 1938 kwa kuonyesha kazi ya vihisio hivyo. Lakini hivyo huamka kwa nguvu pale tu oksijeni inaposhuka sana.

Sasa rudi kwa binamu. Damu inayotoka kwenye mapafu mazima tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, kwa hiyo kuhema kule hakukumwongezea cha maana. Alichofanya ni kuitoa kabonidioksaidi nje. Akashuka chini na kengele imezimwa, oksijeni ikamwishia kabla kengele haijalia. Na ukishazimia, medula huirudisha kazi mikononi mwake na kukuvutisha pumzi. Majini utavuta maji. Wale wavuvi walimuwahi.

Hapo na la usingizi limejibika: ni medula hiyohiyo, haisubiri uamuzi wako. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila pumzi kama nusu lita. Kiwambo kikishuka kifua hutanuka, hewa ikaingia, kikilegea, inatoka. Sehemu za juu za ubongo huazima usukani kwa muda, ndiyo maana tunaweza kuongea, kuimba, kupiga mbizi. Ukibana pumzi nchi kavu, kabonidioksaidi inapanda mpaka unashindwa, unaachia mwenyewe.

Wanangu wanaogelea palepale Kibirizi. Nikimwona mtoto kasimama ukingoni anahema harakaharaka kabla ya kuzama, namwita nje ya maji, awe wangu au wa jirani, nakaa naye mchangani namweleza haya mpaka aelewe.