Kabla hujainyanyua kwadi, shika futi ya kupimia kwanza

Madogo mnaoanza ufundi wa hizi pikipiki za tairi nne, yaani kwadi, mteja akija hakwambii anataka springi gani, anakwambia tu "fundi inyanyue, inagonga chini", na we kwa ugeni unakimbilia shokapu. Usikimbilie. Lala uvunguni uangalie kinachogonga ni nini, michubuko itakuonyesha.

Kwadi nyingi za michezo nyuma zina ekseli moja nzima toka tairi mpaka tairi, sproketi (gia ya mnyororo) na diski ya breki zinaning'inia hapohapo, sasa hata ufunge shokapu ndefu kama twiga ekseli inabaki palepale, kinachopanda ni mwili na siti. Hapo dawa ni tairi kubwa tu, na hesabu yake ni nusu, ukitoka inchi 25 kwenda 27 umepata inchi moja sio mbili. Nayo unailipia, tairi nzito inakula mvuto, na kama injini inazungusha tairi kwa mkanda badala ya gia basi kwenye mchanga wa korongo mkanda unachemka.

Zile ambazo kila tairi inajitegemea ndo unaweza kuzinyanyua na difu (boksi la gia la katikati ya tairi) ikapanda, ila hapo ndo nilipochoma hela mimi. Jamaa mmoja wa shamba la zabibu huko Hombolo, anabebaga tangi la dawa nyuma, nikamfungia vyuma vya kuongeza inchi 2 akaondoka anacheka. Wiki ya tatu huyu hapa.

"Fundi, inalia ka-ka-ka nikikata kona, halafu inarusha kuliko mwanzo."

Kufungua, mabuti ya sivi jointi (mipira inayofunika viungo vya shafti za tairi) yamechanika, grisi imegeuka uji wa mchanga, yaani shafti zilikaa pembe kali mno na mi sikuangalia. Jointi nikanunua mwenyewe. Na bado akaniambia nusura apinduke kwenye tuta la mfereji, maana tangi limejaa maji na uzito wote umepanda juu.

Tangu hapo naanza na futi. Piga jeki mpaka tairi za nyuma zining'inie, pima toka katikati ya ekseli mpaka alama moja kwenye bodi juu yake. Shusha, mwenyewe apande na mzigo wake wa kila siku (sio we fundi mwenye kilo 55), tikisa mara mbili tatu, pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndo ilivyozama. Izame kama theluthi ya safari yote ya tairi (umbali wote inaoweza kupanda na kushuka), safari ikiwa inchi 9 basi imezama 3, poa. Imezama 5? Kaza ringi inayobana springi ya shokapu. Ringi ikifika mwisho na bado inazama, springi yenyewe ni laini kwa ule mzigo, tafuta nyingine nzito, kwa sababu ringi inapandisha kimo tu, haiigeuzi springi kuwa ngumu. Hili wengi linawapita.

Kwenye barabara za vumbi zenye rasta (vimatuta vidogo vinavyofuatana), kama shokapu ina skrubu ya kurudi (inayopunguza kasi ya shokapu kutanuka baada ya kuzama) na umeifunga sana, springi haiwahi kurudi kabla ya rasta inayofuata, inazama inazama mpaka inabaki imekunjamana na mgongo wa mtu ndo unafanya kazi ya shokapu. Fungua kidogo, mwambie akazunguke, arudi, fungua tena.

Halafu upepo wa tairi. Watu wa huku wanaogopa miiba ya migunga wanajaza mpaka tairi inakuwa jiwe, wakati kwadi nyingi zinataka psi 4 mpaka 7, soma kibandiko chake, na ile geji ya kupimia magari huko chini inadanganya, tafuta ya upepo mdogo. Juzi kaja mzee na hela ya shokapu mpya mkononi, nikapima, 28! Nikashusha mpaka 5, nikabadilisha bushi mbili zilizokwisha, akazunguka uwanja karudi anauliza "kijana, umeweka nini humu?" Shokapu hakununua, mi nikaambulia elfu kumi.