Wasomaji Wauliza: Majengo ya Mji Mkongwe na Wenyewe

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha Historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, na tunakusudia kuwavusha wanafunzi wetu kwenda Unguja kwa siku moja wauone Mji Mkongwe. Mpango wangu una majengo kumi na mawili, na mwenzangu anasema ni mengi mno. Tuanzie wapi? Tena, ni kweli kwamba kila jengo lenye jina la mtu lilijengwa na mtu huyo? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, msikilize mwenzako. Majengo kumi na mawili kwa wanafunzi walioshuka botini asubuhi na wanaotakiwa kurudi jioni yatawaachia picha za simu na uchovu. Ningekushauri mumfuate mtu mmoja badala ya kufuata orodha, na anayefaa zaidi ni Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kwa kuwa kazi zake zimeenea mji mzima na zinafikika kwa miguu.

Anzieni Forodhani, mbele ya Beit el-Ajaib, kasri la sherehe alilolijenga mwaka 1883. Sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, kwa hiyo ulizieni kwanza kabla ya kutarajia kuingia ndani. Hata hivyo, mkisimama nje yapo mengi ya kusimulia. Mwaka 1859, akiwa bado kijana, Barghash alijaribu kumpindua ndugu yake, Sayyid Majid, akashindwa, na akapelekwa uhamishoni Bombay, alikokaa takriban miaka miwili. Kwa maoni yangu, uhamisho huo ndio unaoeleza mengi aliyoyafanya baadaye, maana kasri lenye nguzo za chuma, mfereji wa kuwaletea wakazi maji safi ya chemchemi na hamamu, yaani bafu la umma, ni kazi za mtawala aliyekwisha kuona jinsi mji mkubwa unavyoendeshwa. Mnara wa saa mnaouona kwenye picha za Beit el-Ajaib, hata hivyo, si wake. Mnara wa zamani ulisimama peke yake mbele ya kasri, ukaangushwa na mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa moja dhidi ya mwanawe, Khalid, aliyekuwa amekalia kiti cha usultani bila idhini yao. Huo wa kwenye picha ulipachikwa baada ya hapo.

Kutoka Forodhani pitieni vichochoroni hadi Hamamni, mkaione hamamu yenyewe. Mbele ya wanafunzi mtajeni pia Haji Gulamhussein, fundi aliyeisanifu kwa mtindo wa Kiajemi, kwa sababu waliogharimia majengo ya mji huu hutajwa kila siku na walioyasimamisha husahauliwa.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. Nyumba iitwayo ya Livingstone ilijengwa zama za Sayyid Majid. Mmisionari huyo alikaa humo mwaka 1866 tu, akijiandaa kwa safari ambayo hakurudi. Mfano ulio bora zaidi ni jengo la Zahanati ya Ithnaasheri karibu na bandari, lenye varanda za mbao zilizonakshiwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa jamaa ya Khoja Ismailia, aliyetaka iwe hospitali ya kuadhimisha miaka hamsini ya utawala wa Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 kabla kazi haijakwisha, na mjane wake ndiye aliyeikamilisha mwaka 1894. Baadaye jengo liliangukia mikononi mwa wakfu wa tajiri wa madhehebu ya Ithnaasheri, chini pakawa zahanati na juu pakawa makazi, na jina la hao wa baadaye ndilo lililodumu. Mjane wa Tharia, aliyefanya kazi ngumu kuliko wote, hana hata kibao.

SWALI: Nimesikia kwamba Kanisa Kuu la Mkunazini lilijengwa juu ya soko la watumwa na kwamba baadhi ya nguzo zake zimewekwa kichwa chini. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Yote mawili ni kweli. Soko lilifungwa baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Barghash huyo huyo aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Nguzo zilizogeuzwa zipo nyuma ya kanisa, na inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Alifariki mwaka 1882 na akazikwa nyuma ya altare. Kazi yake ya kuandika sarufi na kutafsiri Maandiko kwa Kiunguja ni miongoni mwa sababu za lahaja hiyo kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo hata gazeti hili lina deni kwake. Ukimaliza ndani, tazama uani sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Usiondoke bila kuziona.

SWALI: Sayyid Said bin Sultan amezikwa wapi, na je, Sayyida Salme ana kumbukumbu yoyote Unguja? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirejea Zanzibar kutoka huko kwenu, na amezikwa Makusurani, makaburi ya watawala yaliyo kando ya Kasri la Kifalme, ambako Majid na Barghash wamezikwa pia. Kuba ambalo Majid alianza kumjengea baba yake halikukamilishwa, kwani kulipamba kaburi hakukuafikiana na mafundisho ya Ibadhi, madhehebu ya watawala hao. Salme, binti wa Sayyid Said aliyemsaidia Barghash katika jaribio lile la 1859, aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, na kufariki Jena mwaka 1924. Kaburi lake liko Hamburg. Ndani ya kasri hilo, ambalo sasa ni makumbusho, kimetengwa chumba kwa ajili ya maisha yake. Kasri la Mtoni alikozaliwa limebaki magofu kaskazini ya mji, na unaweza kufika kwa daladala za Bububu.